Kikadi cha Fulana ya Kijivu

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni, maana huko imeshatiwa chumvi.

Tangu mitumba ijae Mwanza, wauza fulana tumekuwa wengi kuliko wanunuzi. Mimi, kwa kiburi cha kumaliza kidato cha nne, nikaamua kila fulana mezani kwangu niibandikie kikadi cha maelezo. Watu walisimama kusoma, na waliosoma walinunua. Nikajiona bingwa.

Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliniuzia fulana sita kutoka kwenye mfuko wake. Sikumwuliza amezitoa wapi. Ile ya kijivu nikaiandikia kwa mbwembwe kuliko zote.

Juzi akaja mama mmoja wa Mkolani, amevaa nguo nyeusi. Akaishika ile ya kijivu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama. Umechagua nzuri hiyo."

"Marahaba. Hebu nisomee hapa, macho yangu hayaoni vizuri."

Nikapaza sauti ili wateja wote wasikie: "Imetoka Uholanzi moja kwa moja. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kuivaa!"

Aliigeuza nje ndani, akanionyesha kwapani palipotiwa kiraka kwa uzi wa kijani.

"Uzi huu ni wangu," akasema. "Nilimshonea marehemu mume wangu. Siku ya kuanua matanga tulimpa shemeji yangu, aivae amkumbuke kaka yake."

Mama akakibandua kikadi, akaniwekea mkononi.

"Soma tena, mwanangu."