Haisi ya Baba na Mteremko wa Kushukia Masasi

Ndugu zangu walikuwa wameshaamua haisi ya baba iuzwe. Ilikuwa ikinywa lita kumi na tano kutoka Mkunya hadi Masasi na kurudi, na wao ndio waliokuwa wakimnunulia mafuta. Mimi, kitindamimba mwenye mdomo, nikawaomba wasubiri kwanza.

Mama alikuwa Masasi kwa dada yangu, akisafishwa kidonda cha mguu, na baba alikuwa akishuka kila Jumapili kumwona. Kulala huko hakutaka hata kusikia, maana kwake mzee halali chini ya paa la mkwewe. Alikuwa akila, anakaa na mama barazani, kisha anageuza gari kabla jua halijazama. Basi la kumrudisha jioni halikuwa la kutegemea. Haisi ikiuzwa, angemwona mama kwa kubahatisha, na wote wawili walishapita miaka sabini. Hilo lilininyima raha.

Fundi mmoja wa Masasi alikuwa na mota ya bajaji ya umeme iliyogongwa. Akaniambia anaweza kuifunga kwa mkanda kwenye propela, lile shafti refu linalozungusha matairi ya nyuma, na betri akaziweka chini ya kiti. Ukipanda mlima unabonyeza kitufe, mota inaisaidia injini. Ukishuka, mota inageuka dinamo kama ile ya baiskeli, inazichaji betri. Mimi ni mwalimu wa fizikia, haya nayaandika ubaoni kila mwaka, lakini sikuwahi kuyaona yakifungwa kwa nati. Nilimwuliza maswali mpaka akaweka spana chini. Ndugu zangu nao wakakubali: ikitumia chini ya lita kumi na mbili, haiuzwi.

Jumapili ya kwanza baada ya mota kufungwa tulijaza tangi hadi shingoni, baba akaenda na kurudi, tukajaza tena. Lita kumi na nne na ushee.

Jumapili iliyofuata nikaenda naye, macho yangu kwenye kile kioo kidogo cha betri ambacho fundi alikibandika kwa gundi kando ya redio. Tulipofika ukingo wa uwanda wa juu, mteremko unapoanzia, kilionyesha asilimia hamsini. Tukashuka mteremko wote, kona kwa kona, baba ametulia kabisa na upepo unaingia dirishani. Chini kabisa, hamsini ile ile. Nikapandwa na hasira. Nilijua tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia yule fundi.

Tulipofika kwake nilimwambia yote, mengine nayaonea aibu hadi leo. Akaingia chini ya gari, akatoka hajaona kosa. Akajifuta mikono, akamgeukia baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ule mteremko, mzee, huwa unaushukaje?"

"Kama watu wote," baba akajibu. "Natoa gia, nazima ufunguo, gari linajishukia lenyewe. Nichome mafuta ya nini wakati mlima unanibeba bure?"

"Ukizima ufunguo, mzee, umeizima na mota."

Wote wawili wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeketi kando ya baba, nikamwona kwa macho yangu akizima ufunguo, na sikuona kitu. Tangu utoto kila dereva niliyepanda naye kushuka pale alizima. Nilidhani ndivyo mteremko ulivyo. Mazoea yana taabu, na mwalimu hasalimiki. Nikamwomba fundi radhi, akacheka tu.

Jumapili ya tatu baba aliacha ufunguo wazi na gari kwenye gia, lakini kwa shingo upande, akinung'unika kwa Kimakonde. Kona ya kwanza kioo kikasoma hamsini na mbili. Ya pili, hamsini na tano. Akaacha kunung'unika. Akapunguza mwendo ili asome vizuri, mpaka lori la nyuma yetu likatupigia honi.

"Kumbe inakula mteremko," akasema.

"Inakula, baba."

"Na tukirudi inautapika."

Katika vitabu vyote ninavyofundishia sijaona maelezo mafupi kuliko hayo. Jioni tulijaza lita kumi na moja, na habari ya kuuza gari ikafa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, nilitoka shuleni nikapita kwa baba nikakuta uwanja mtupu. Nikampigia simu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akicheka.

"Baba, uko Masasi? Si tulisema Jumapili?"

"Kwani mteremko uko Jumapili tu, mwanangu?"

Tangu hapo akawa anashuka mara mbili kwa wiki. Mwisho wa mwezi kaka yangu mkubwa akanipigia, akauliza taratibu kama mtambo umeharibika, maana mafuta yamezidi kuliko zamani. Nikamwambia mtambo ni mzima, nikamweleza na habari ya Jumatano. Akaacha habari ya mafuta.

"Na mama anasemaje?"

"Analalamika," nikamwambia. "Anasema Jumatano baba anachelewa kufika."