Joto Chini ya Mkeka wa Bibi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mtaani Bwiza ambayo nikiikumbuka, mkono wangu huenda wenyewe kwenye magoti. Nakuita mwanangu ingawa dada yangu ndiye aliyekuzaa, na ingawa sina hakika kama umri wangu unatosha kutoa nasaha. Hilo nalo nimelifikiria wiki nzima. Lakini kwetu mama mdogo ni mama. Mama yako ameniambia kwamba tangu uingie darasa la umeme hulali vizuri, unaogopa kukosea hesabu. Basi nisikilize.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwa Bibi yangu, huyu unayemwita Bibi Mkubwa. Mwanawe, mjomba Rashidi, alitaka kumhamishia kwake Kinanira, mtaa mwingine wa mbali. Alisema mzee kama yule hafai kukaa akijipikia. Bibi hakutaka hata kusikia. Bwiza kulikuwa na majirani zake, msikiti wake, na jiko lake la umeme, lile la waya mwembamba uliojikunjakunja ndani ya sahani ya udongo. Waya ule ulipokatika, Bibi alifanya kama wanavyofanya wengi mtaani: alikata ncha zilizoungua, akaziunga kwa koleo la marehemu Babu, jiko likawaka. Ulipokatika tena, akaunga tena, miaka nenda rudi. Alikuwa na haki ya kujivunia.

Asubuhi hiyo alikuwa akimsimulia jirani yetu, Mama Zawadi, pale mlangoni.

"Mi jiko yangu inazeeka vizuri," alisema. "Zamani maharage ilikuwa inaiva alasiri. Sasa adhuhuri haijafika, tunakula."

"Labda maharage ndiyo inakuogopa, Bibi," Mama Zawadi akamjibu, wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliingia ndani, nikatoa kipimo changu cha umeme cha chuoni. Kwenye soketi nilikuta volti 220. Chini ya jiko paliandikwa wati 1,100. Ukigawa wati kwa volti unapata mkondo, ampea 5. Ukigawa volti kwa mkondo huo unapata ukinzani, omu 44. Hivyo ndivyo jiko lilivyotoka dukani. Lakini sasa, jiko likiwaka na maharage juu yake, kipimo kilisoma ampea 10. Gawa 220 kwa 10: ukinzani umebaki omu 22, nusu ya ule wa mwanzo. Zidisha 220 kwa 10: wati 2,200. Umeona, mwanangu? Kila ncha iliyokatwa iliufupisha waya. Waya ukifupika, ukinzani unapungua, na mkondo unapita kwa wingi zaidi. Maharage yaliiva haraka kwa sababu jiko lilikuwa likivuta umeme mara mbili.

Na waya uliotoka kwenye soketi kwenda kwenye jiko ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ndani ya waya kama huo linakuwa mara nne. Ulipita sakafuni, chini ya mkeka anaoswalia Bibi.

Ungedhani nilipiga kelele. Nilikaa kwenye kigoda nikarudia hesabu. Labda kipimo kimeharibika. Labda maandishi ya jiko si ya kweli. Na nikisema, Bibi ataona nimemwita mzembe. Mjomba akisikia neno moto, atakuja na gari siku hiyo hiyo, na Bwiza ya Bibi itakuwa imekwisha. Nikarudia tena. Jibu halikubadilika, nami sikuinuka.

Adhuhuri iliadhiniwa. Bibi akaja kutoka kutawadha, miguu ikichuruzika maji, akanishika bega.

"Njoo uguse hapa," alisema, akinionyesha katikati ya mkeka. "Mungu ameniwekea joto ya magoti."

Niligusa. Palikuwa pa moto kama mkate uliotoka tanuruni. Nikakimbia nikachomoa waya kwenye soketi, kisha nikainua mkeka. Plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kuganda kwenye ukindu, na ukindu wenyewe umegeuka kahawia.

Bibi aliinama akautazama waya. Akauvuta mkeka hadi upande wa pili wa chumba, akaswali, akamaliza dua yake bila haraka. Ndipo akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia, tangu asubuhi, ila nilikuwa bado napiga hesabu.

"Hiyo hesabu ulikuwa unamufanyia nani?"

Hakupandisha sauti. Akaniweka karibu yake, akasema, "Mi naweza kukubali kama nimekosea. Siwezi kukubali we uniogope. Sasa nifundishe."

Nikamfundisha, na alielewa upesi. Tulinunua waya mpya wa jiko wenye urefu wake kamili, na fundi akapitisha waya mnene ukutani. Mjomba alipopigiwa simu, Bibi mwenyewe ndiye aliyemweleza, mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa kwamba haendi Kinanira. Hadi leo yuko Bwiza. Maharage yanaiva alasiri, na analalamika. Nikiwa kwake, kabla ya swala namjazia chupa maji ya moto, naifunga kwa kitenge, naiweka kwenye magoti yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Jifunze kugawa na kuzidisha, na urudie mara moja kuhakiki, maana ni vizuri kuhakiki. Kisha nyanyuka. Hesabu ya umeme inafanywa kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo yuko karibu, pengine anatandika mkeka. Mwambie hata kama sauti inatetemeka. Yangu bado inatetemeka.

Mungu akupe usingizi, mwanangu. Akupe mikono isiyo na haraka na ulimi usiochelewa, na kila nyumba utakayoitia umeme, wenyewe waamke salama.