Kuku Mmoja Katika Foto Mbili

Wakubwa husema mtu ambaye bado anafungiwa nje ya darasa kwa kuchelewa hana haki ya kusema "zamani". Mimi ninayo. Ninyi tuliosoma pamoja shule ya msingi hapa Nchelenge, tuliojifunza kuandika kwa kidole kwenye mchanga, mnajua kwamba zamani yetu ilikuwepo, na Papa Feliksi alikuwa ndani yake.

Papa Feliksi alikuwa mchuuzi wa ng'ambo, Mkongo. Akivuka ziwa kuja kununua chisense, wale samaki wadogo tuliowaanika ufukweni mpaka nguo zetu za kanisani zikanuka kama wao, alileta vitenge, sabuni, na kile kisanduku cheusi kilichoning'inia kifuani mwake. Kamera. Tukisikia injini ya boti yake tuliacha mpira wa matambara katikati ya uwanja, kipa akiwa bado hewani.

Watoto wa leo hawajui taabu ya foto. Siku hizi pale bomani kuna studio, kuna pazia lenye ndege iliyochorwa, kuna taa. Mtoto akifumba macho anapigwa tena, akitaka anajiegemeza kitini kama waziri. Wanadekezwa. Sisi tulipigwa foto kama watu wanavyopigwa sindano. Papa Feliksi aliinamia kisanduku kama anayetafuta inzi ndani ya supu, akarudi nyuma, akasogea mbele, akalilaumu jua. Jua lilitakiwa kuwa mgongoni mwake, kwa hiyo lilikuwa machoni mwetu, na ukikunja uso kosa ni lako. "Mutoto, fungua macho. Usicheke. Usipumue." Kisha ka! na unaambiwa uondoke. Nyuma ya kisanduku palikuwa na kidirisha chekundu. Alizungusha kitufe mpaka namba nyingine itokee humo. Namba zilikuwa kumi na mbili tu. Zikiisha, zimeisha, mpaka avuke ziwa tena, filimu isafiri mjini ikaoshwe, irudi ikiwa watu. Mara moja mtoto wa jirani alifungua mlango wa nyuma ili aone kama mama yake ameshaingia. Mwanga ukapenya, filimu ikaungua. Wateja wote walikufa siku hiyohiyo, mama yake akiwa wa kwanza.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mimi na ndugu yangu ni mapasa, pacha wa kiume. Kyungu alitangulia kuzaliwa, mimi Kabwe nikafuata, na tangu siku hiyo sijaacha kufuata. Sheria ya mapasa kwetu mnaijua: ukimpa mmoja, mpe na wa pili, ao unaita ugonjwa nyumbani. "Muhogo wa mapasa unakatwa katikati," mama alisema, na aliishika sheria hiyo kuliko katekismu. Lakini sheria haikusema nani aanze. Aliyeanza siku zote ni Kyungu. Alioga kwanza, nami nikaoga maji yenye rangi yake.

Mwaka ule baba alikuwa kambini kisiwani Kilwa, humuhumu ziwani kwetu, msimu mzima na nyavu zake, na mama alitaka kumpelekea sura zetu. Shati zuri lilikuwa moja, jeupe, la kuazima kwa mtoto wa katekista. Kwa hiyo hatukuweza kusimama pamoja: shati moja, foto mbili. Papa Feliksi alichungulia kidirisha chake.

"Mama Mapasa, uko na bahati. Zinabaki mbili."

Kyungu akavaa shati. Akasimama mbele ya mlango, kifua mbele, redio ya Papa Feliksi mkononi. Akaambiwa asipumue. Akapiga chafya. Ka!

"Huyu anaharibu," alisema Papa Feliksi. "Bon. Turudie."

Nilikitazama kidole chake kikizungusha kitufe. Ile ilikuwa namba yangu. Kuhesabu nilikuwa najua. Kyungu alisimama ndani ya foto yangu, ametulia kama mtakatifu wa dirishani, ka! Kisha akavua shati na kunipa likiwa bado na joto lake.

Papa Feliksi alichungulia kidirisha, akaitazama boti yake, akamtazama mama. Mama alikuwa amekunja mikono.

"Mapasa ni wawili, Papa Feliksi."

"Njo vile, Mama. Na huyu wa pili nitamupiga."

Akanisimamisha palepale. Redio, kifua, jua. Nilibana pumzi mpaka masikio yakalia. Ka! Mlio ulikuwa uleule kabisa, nikaamua kwamba labda kidirisha kina huruma.

Foto zilirudi wakati wa mvua. Mama alizipanga mezani: huyu Kyungu, huyu Kabwe. Ndipo nikamwona kuku. Nyuma ya Kyungu alisimama kuku wetu, ameinua mguu mmoja. Nyuma ya Kabwe alisimama kuku yuleyule, ameinua mguu uleule.

"Mama, huyu si mimi. Kuku gani anashika mguu juu mpaka Kyungu avue shati na mimi nivae?"

"Kuku wangu ana adabu," mama alijibu. "Asiyetulia ni wewe."

Nilimbebea Papa Feliksi mzigo hadi botini, nikamwuliza. Hakuona hata haya. "Kabwe, wewe na Kyungu ni uso mumoja. Hata Mungu alitumia filimu moja. Funga kinywa, kamata biskuti." Nikakifunga juu ya biskuti. Biskuti iliisha kabla boti haijaondoka, wivu ulibaki.

Foto zilikwenda Kilwa naye, zikarudi naye, pamoja na maneno ya baba, ambayo Papa Feliksi aliyatoa mbele yetu sote huku akimega bukari, ugali wa muhogo: "Baba yenu anasema hivi. Kyungu anakonda, macho yake ni ya usingizi. Lakini Kabwe, ah, Kabwe sasa ni mwanaume. Anafanana na baba yake kabisa."

Kyungu hakula jioni ile. Alizishika foto mbili, akazisogeza karibu na moto, akaangalia hii, akaangalia ile. "Kweli," alisema taratibu, "wewe ulitoka muzuri kunipita."

Sijawahi kumshinda Kyungu kwa lolote, na siku niliyomshinda nilimshinda kwa uso wake mwenyewe. Nilipaswa kucheka. Badala yake nililala nikimwonea wivu Kabwe, yule wa karatasi, aliyependwa na baba kuvuka maji yote yale.

Foto zile bado ziko ukutani, moshi umezipaka rangi ya chai. Ukuta ulipokandikwa upya mama alizitoa na kuzirudisha, na leo hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Wadogo wetu kila mmoja ana uso wake kila mwaka, na hawautazami mara mbili. Sisi tulikuwa na uso mmoja, tukaugombania.

Likizo iliyopita nami nilikwenda studio ya bomani. Nilikaa chini ya ndege yao, nikafumba macho makusudi ili nipigwe tena. Foto yangu ya kwanza, mimi peke yangu, hakuna kuku. Nilimletea mama mbio. Aliisogeza dirishani, akaitazama sana, akatabasamu.

"Kyungu ametoka muzuri," alisema. "Yako iko wapi?"