Habu ya Matundu Arobaini

Harufu ya tawi bichi linaloburutwa juu ya mawe hunirudisha mwaka nilipokuwa darasa la saba. Tuliishi juu, Mbololo, na shule yangu ilikuwa Voi, alikofanya kazi baba kwenye stesheni ya reli. Kila kulipopambazuka alinipakia kwenye keria ya baiskeli, akafunga tawi kubwa nyuma kwa kamba, tukateremka. Breki za raba zilikuwa zimechoka zamani. Tawi ndilo lililotushika mlimani, kama lilivyowashika wanaume wengi wa kwetu. Kwa miguu ningelazimika kutoka gizani, na njia ya bondeni ilikuwa ya ndovu kabla haijawa ya watu.

Siku moja kamba ilikatika, tukaishia kwenye ua wa mkonge wa jirani. Mimi nilichubuka magoti, baba akapoteza kiatu, tukacheka. Mama hakucheka. "Mtoto hapandi tena hiyo kitu mpaka iwe na breki ya ukweli," alisema, na mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Nikakaa nyumbani nikichambua maharagwe na kumnunia, nikiamini kwamba masomo yangu yamekwisha.

Fundi wa baiskeli pale Voi, Mzee Athumani, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, alimwambia baba kwamba dawa ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ya aina inayoshika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Yeye hakuwa nayo. Baba akaulizia kwa wenzake wa reli, akaipata, akaikimbiza kwa fundi. Mzee Athumani aliigeuzageuza mkononi, akauliza kwa upole, "Matundu umeyahesabu, bwana?" Yalikuwa thelathini na sita, na ringi yetu ilitaka spoku arobaini, kila moja na tundu lake. Haraka haraka haina baraka. Jioni ile nilikwenda kulala mapema ili nilie vizuri.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba alisikia kwamba kule Mboghoni kuna mkulima Mkamba mwenye baiskeli iliyovunjika fremu, habu ikiwa nzima, ya aina ile ile. Jumamosi akapanda treni ya Taveta. Alirudi Jumapili na mkungu wa ndizi wa kumlainisha mama, na habu ikiwa imefungwa kwa majani makavu ya mgomba. "Arobaini," alisema kabla hata ya kupiga hodi. "Nimehesabu mara tatu." Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni ile.

Fundi alipomaliza kuifunga, mama alimteremsha baba peke yake mara mbili huku akitazama, mikono kiunoni. Ndipo akaniruhusu.

Sasa, wanaume wa kwetu walikuwa na desturi yao. Kengele ni mambo ya mjini; ukimpita mtu mlimani ulirudisha pedali nyuma, gurudumu likalia tikitikitiki, na hiyo ndiyo salamu. Asubuhi ile ya kwanza tulimkuta jirani yetu Mama Wakesho akipanda na kuni. Baba, kwa furaha zake, akamsalimu. Baiskeli ilisimama pale pale. Pua yangu ikagonga mgongo wa baba, naye akatua mchangani.

"Baba Mghoi," akasema Mama Wakesho bila kutua mzigo, "leo wanisalimia kwa magoti?"

Mazoea yana taabu. Tulikubaliana tusimwambie mama, lakini habari zilimfikia kabla yetu. Alimuuliza baba swali moja tu, "Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi."

Mtihani niliufaulu. Leo mimi ni mwalimu hapa hapa Voi. Lami imefika, na bodaboda huleta watoto watatu watatu kwa dakika chache. Maisha yamekuwa mepesi, nami sina ugomvi nayo. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kwamba baba ndiye aliyenisomesha, aliyekwenda mpaka Mboghoni kwa ajili yangu. Lakini kila asubuhi nasimama langoni, na pikipiki ikija kasi namsimamisha dereva, namwambia anionyeshe breki kwanza. Watoto hununa. Ndivyo nilivyomnunia mama, nikidhani hataki nisome, kumbe yeye alitaka nifike.