Wasifu wa Baba Mkubwa

Siku niliyosoma wasifu wa baba mkubwa pale Kyimo nilitamani kaburi lile linifunike mimi, na hata leo nikiwasimulia masikio yanawaka moto.

Mjue kwanza kwamba kusoma sikukuzoea shuleni (kitabu kimoja dawati zima), nilikuzoea kwa fundi cherehani mmoja wa Kiislamu mjini Tukuyu, ambaye miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamnyang'anya wateja, alianza kuazimisha riwaya za upelelezi, nami nikazisoma zote mpaka nikaamini kwamba maandishi matamu lazima yawe na maiti na mtu wa kushukiwa.

Basi baba mkubwa akafariki kwa presha, na ukoo ukaniagiza mimi msomi (nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne) niandike wasifu. Nikaandika alizaliwa, akaoa, akalima chai. Nikauona umepooza, nikaongeza sentensi moja, jamani, moja tu: "Jioni ile alipokea kikombe cha uji kutoka kwa mkono alioupenda, asijue kilichomngoja."

Niliisoma mbele ya jeneza, kati ya migomba, nikanyamaza kidogo ili iwaingie. Ikawaingia. Kisha baba mdogo, mdogo wake marehemu, akauliza taratibu, "Mkono wa nani?"

Wote wakamgeukia mama mkubwa, mjane, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Wachimba kaburi wakaweka makoleo chini, mmoja akasema jeneza lisishushwe mpaka ukoo uzungumze, na wanawake waliokuwa wamemshika nikawaona wanamwachia mmoja mmoja, akabaki peke yake mkekani, ananitazama.

Nikajaribu kusema ni maneno tu. Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Huyu amesoma," akawaambia watu. "Hawezi kuandika jambo hivihivi."

"Nimetunga," nikasema, kisha nikarudia kwa nguvu. "Nimetunga, baba. Nilitaka ipendeze."

Ikabidi nieleze mbele ya mchungaji na Kyimo nzima habari za fundi na riwaya zake, machozi na kamasi vikinitiririka, mpaka bibi mmoja akashindwa kujizuia akacheka (ndiyo, msibani), na makoleo yakaokotwa.

Mama mkubwa alingoja matanga yaishe ndipo akaniita.

"Kwenye vitabu vyako mtu akishukiwa, wewe unafunga unalala," akaniambia. "Mimi naishi hapa."

Tangu hapo sisomi neno mbele za watu kabla ya kumsomea yule linayemhusu, na sentensi ikinipendeza mno, hiyo ndiyo naifuta kwanza.