Korali Iliyofunga kwa Ajili ya Chura

Mimi ndiye yule fundi wa kushona wa Majengo mliyemsikia, yule aliyewafungisha njaa mama wa korali, waimbaji wa kanisa letu, kwa sababu ya chura, na kabla hamjacheka mjue kwamba kila nikipita pale kwa wauza makaa kuna mtu ananiuliza kama mtoto anakula vizuri, kwa hiyo mkicheka hamtakuwa wa kwanza wala hamtaniumiza zaidi. Nimeona heri niisimulie aibu yangu mwenyewe, maana wanaoisimulia mtaani wameshatia chumvi, wapo wanaosema chura alikuwa na ukubwa wa kuku, na huo ni uongo mtupu, alikuwa mdogo kuliko kidole gumba changu.

Nilimpata sokoni, ndani ya kabichi. Mama mmoja anayeleta mboga kutoka Kibumba alikuwa anabandua majani ya juu, kikaruka kitu cha kijani, mama akavua kandambili akipige, na mimi (sijui nini kilinisukuma, sijawahi kuwa mtu wa huruma) nikaweka mkono katikati. Kandambili ikanipata mimi. Nikafungua kiganja, nikaona ni chura wa mitini, wale wembamba wenye vidole vya kunata, ananitazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Ningemwachia wapi? Kwetu ni mawe ya volkano matupu, jua likiwaka unakaanga yai juu yake, na watoto wa jirani wanakipiga mawe kila kinachoruka. Nikasema atakaa kwangu siku chache apate nguvu, halafu nitamtafutia mtu wa kumrudisha Kibumba. Nikamtia kwenye ndoo, maji kidogo chini, tawi la avoka ndani, nikafunika juu na kitambaa.

Shida ni kwamba hakula. Nilimpa sombe, majani laini ya muhogo, akaigeuzia mgongo. Nilimpa yai la kuchemsha. Nilimpa sambaza, vidagaa vya ziwani, mbichi, ambazo mimi mwenyewe nazila siku za sikukuu tu, akapanda juu yake akakaa, akafumba macho. Mifupa ikaanza kuonekana, na mimi ambaye sijaoa, ambaye hata paka sijafuga, nikajikuta siwezi kulala, namulika ndani ya ndoo kwa tochi ya simu nione kama bado anapumua. Ndipo nikaanza kuwawinda nzi. Nawaua, nawapanga mbele ya pua yake kwa mstari kama mtu anayeandaa meza ya harusi, na yeye hawatazami. (Baadaye nilijifunza kwamba chura hali kitu kisichotembea. Unaweza kumpangia nzi wafu mpaka uzeeke, kwake hizo ni takataka.)

Sasa wakati huo huo nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama wa korali waliniletea kitenge cha buluu chenye njiwa weupe niwashonee nguo za sare, kwa sababu Jumapili ile makanisa kadhaa yalikuwa yanakuja kwetu kwa sikukuu na wao ndio wangefungua ibada. Nilikuwa nimeahidi Jumatano. Mnajua Jumatano ya fundi. Alhamisi vitambaa bado vilikuwa vimelala juu ya mashine, vingine nimevikata, vingine hata mkasi havijauona, na nikikosa Jumapili hiyo hakuna mama Majengo nzima ambaye angeniletea tena hata leso ya kupinda.

Alhamisi hiyo nilikuwa kwa muuza nyama, nanyata na chupa mkononi nikamate nzi wa kumpelekea mgonjwa wangu, nikageuka, nikamkuta Mama Josefina, prezidenti wa korali, amesimama nyuma yangu. Ni mama mnene, mpole, ambaye hapandishi sauti kamwe, na ndiyo maana watu wanamwogopa. Nikaisukuma chupa mfukoni. Akaniuliza kwa upole mbona niko sokoni na mashine imelala. Ningesema tu kwamba nimechelewa. Neno moja. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

“Mama, niko na mutoto ku nyumba. Hakuli.”

Sura yake ikabadilika palepale, na mimi, mjinga, nikafurahi kuona imebadilika. Akauliza mtoto wa nani, maana anajua sina mke. Nikasema wa dada yangu, ametoka Masisi. Akauliza jina. Nikasema Bahati. Akanishika bega, akaniambia nisihangaike na nguo kwanza, mtoto ni mbele, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Nilirudi nyumbani naona nimeshinda.

Jioni simu ikalia. Mimi niko kwenye grupu ya WhatsApp ya korali kwa sababu ya vipimo vya nguo, na huko kulikuwa na sauti ya Mama Josefina: “Bamama, mutoto wa fundi iko mubaya. Kuanzia sasa hatuweki kitu mu kinywa, hata chai, mupaka Bahati akule.” Chini yake amina, amina, amina, mikono ya kuomba, amina.

Hapa ndipo msinionee huruma. Ningeandika palepale kwamba mtoto ameshakula, ashukuriwe Mungu, na mama wale wangelala wameshiba. Niliandika hata. Halafu nikafikiri: mtoto akishapona, kesho asubuhi wataulizia nguo. Nikajiambia, wacha wafunge mpaka kesho jioni tu, nipate siku moja ya kushona, wale ni watu wa maombi, wamezoea. Nikafuta ujumbe. Na Ijumaa mchana, korali nzima ikiwa na njaa kwa ajili yangu, nilikula maharagwe na ndizi, na nilikula sana.

Sijamaliza kunawa mikono nikasikia wimbo unapanda kichochoro. Nilichungulia kwenye ufa wa mbao: wote, wamevaa vilemba vyeupe, wawili wa mbele wamebeba sufuria ya uji wa mtoto. Nilichoweza kufanya ni kuisukuma ndoo chini ya meza ya mashine na kuvuta rido inayotenga kitanda. Wakaingia, wakajaa, chumba changu ni kidogo, wengine wakabaki mlangoni. Nikawaambia kwa kunong'ona kwamba mtoto ndiyo kwanza amepata usingizi, afadhali tumwombee kutoka hapa. Wakakubali. Koko Veronika, bibi mzee kuliko wote katika korali, alipewa kiti changu cha kushonea, na nilimwona anaitazama sufuria ya uji, halafu anageuza uso. Ni njaa. Hapo nilitamani ardhi ipasuke, lakini kwetu ardhi ikipasuka ni mambo mengine kabisa, nikaacha kutamani.

Wakaanza kuomba, kila mmoja kwa sauti yake. Sufuria ilikuwa imefunguliwa ipoe, uji una sukari, na nzi wa mtaa mzima wakapata habari. Mimi nimefumba macho, nasema amina kuliko wote. Kumbe Mama Josefina ni mtu wa kuomba jicho moja wazi. Aliona kitambaa kilichofunika ndoo. Kitambaa cha buluu, njiwa weupe. Akainama, akakivuta, akakinyoosha mbele ya uso wake: ulikuwa mkono wa libaya, mkono wa kushoto wa blauzi yake mwenyewe, nilioukata mimi kwa vipimo vyake, umelowa maji ya chura.

Na chura akaruka. Alitua kifuani kwake, halafu mezani, na maombi yakakatika moja baada ya lingine. Mama Josefina hakupiga kelele. Alimtazama chura, akanitazama mimi, akaenda kufungua rido. Kitandani kulikuwa na mto na suruali yangu.

“Fundi,” akasema, “mutoto iko wapi?”

Nilijaribu kutafuta uongo mwingine, nawaambia ukweli, nilitafuta, haukuwepo. Nikanyoosha kidole mezani.

“Mama, Bahati ni ule.”

Nilimwona mama mmoja amekaa chini kwenye sakafu, si kwa hasira, njaa tu ilikuwa imemmaliza nguvu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi yote ambayo hawakunitukana. Basi hapo hapo nzi mmoja akatoka kwenye uji, akatua mezani, akatembea hatua chache akijifuta miguu. Chura akageuza kichwa. Ulimi ulitoka na kurudi, nzi hakuwepo tena, na koo la chura likashuka mara moja, taratibu.

Koko Veronika akagonga fimbo chini.

“Amekula,” akasema. “Nimemuona na macho yangu. Mulete vikombe.”

Walikunywa uji ule wote, wima, na mimi ndiye niliyewapa vikombe na kuviosha. Walipomaliza Mama Josefina alivuta benchi karibu na mashine, akakaa, akasema, “Shona.” Wengine wanaojua sindano wakachukua mapindo na vifungo. Hakuna aliyeniongelesha mpaka nguo ya mwisho ilipopigwa pasi. Chura alichukuliwa na shemeji yake Koko Veronika aliyekuwa anapandisha na gari la mboga kurudi Kibumba, akasafiri amefungiwa kwenye ndoo, na inasemekana njiani alikula tena.

Nilidhani yameisha. Lakini kwetu maombi yakijibiwa lazima utoe ushuhuda, na Jumapili, baada ya korali kuimba vizuri sana ndani ya buluu yao, Mama Josefina alichukua mikrofoni akatangaza kwa sauti yake ya upole kwamba fundi ana neno. Nikasimama mbele ya makanisa yote yale. Nikasema tuliomba, na aliyekuwa hali amekula. Wakapiga vigelegele. Nikamtazama Mama Josefina nione kama inatosha, akatikisa kichwa, haitoshi. Nikasema alikuwa chura. Nikasema mama hawa walilala njaa na mimi nilikula maharagwe. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele, mchungaji mgeni akafunika uso kwa Biblia, na korali pekee ndiyo haikucheka.

Siku hizi nguo ikichelewa nasema imechelewa, basi. Neno hilo bado ni zito mdomoni, na wateja wanakasirika, wanabamiza mlango, wengine wananiambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nawaacha wakasirike. Wanarudi kwao na hasira zao, wanawasha mbabula zao za makaa, wanakula.