Mafuta Yaliyoungua Mbele ya Macho Yake

Habari nilizipatia sokoni Palma, chupa tupu mkononi. Nilikuwa nakwenda kujaza mafuta ya nazi kama kila Jumamosi, muuza muhogo akaniita: "Usiende, maalim. Kiwanda kimefungwa. Bibi wa mafuta ametutoka alfajiri." Nilisimama pale nikihuzunika, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka. Bibi yule alinifunga mdomo miaka miwili iliyopita, nami sijawahi kukiri hadharani. Leo nakiri.

Wasomaji wangu wa zamani watakumbuka nilivyomkejeli humu humu kwenye safu hii, bila kumtaja, alipowachukua wafanyakazi wake kumi na mmoja, akawapeleka kwa notario wa hati na kuwaandikia kiwanda chote kiwe chao. Hakuwa amekosa watoto wa kumrithi. Alisema tu kwamba watu waliokimbia vita naye na kurudi naye, wakakuta paa limeanguka na kulijenga upya kabla ya nyumba zao, hawezi kuwaachia mshahara peke yake. Mimi nikaandika kwamba kiwanda hakitamaliza msimu. Sababu nilikuwa nayo, maana pale hakuna aliyewahi kuepua sufuria bila yeye. Tui likichemka lina dakika yake: ukiwahi kuepua, maji yanabaki na mafuta yananuka baada ya siku chache, ukichelewa, mashapo yanaungua na mafuta yanakuwa machungu. Dakika hiyo aliijua yeye. Alikaa kwenye kigoda chake, akasikiliza mchemko, akaonja kwa mwiko, akasema, "Epua!" Yasiyomridhisha hayakutoka mlangoni, hata mteja awe mkuu wa wilaya. Yaligeuzwa sabuni.

Basi siku ya kwanza ya wenye mali wapya nilikuwepo, kwani nilitaka kujionea kiwanda kinavyokufa. Moto ukawashwa, tui likachemka, na wote kumi na mmoja wakazunguka sufuria huku wakimtazama yeye. Yeye anakunywa chai. Mchemko ukatulia, naye anakunywa chai. Harufu ilipoanza kubadilika, mama mmoja wa Pundanhar, hodari wa kukamua tui, alishindwa kuvumilia, akamkimbilia na mwiko.

"Patroa, bosi wetu, onja basi!"

"Ulimi wangu umeingia reforma, umestaafu, mwanangu. Mzee hafanyi kazi tena. Onjeni wenyewe."

"Lakini yataungua!"

"Mafuta ya nani?"

Yakaungua, yote. Moshi ulifika barabarani, na mama wa Pundanhar akatokwa na machozi ya hasira. Nilimwinamia bibi nikamuuliza kwa sauti ya chini mbona amekuwa katili hivi. Aliweka kikombe chini, akautazama moshi. "Maalim," alisema, "nikisema leo, kesho watanisubiri tena. Nami mtu mzima. Watanisubiri mpaka lini?" Siku iliyofuata hakuja kabisa.

Waliunguza mara mbili tatu, wakagombana, wakanuniana, mwishowe wakapeana zamu ya kuonja. Mwezi ule sabuni ilijaa mjini, na sijapata kuona watoto wa Palma wakiwa safi vile. Msimu ukaisha, kiwanda kipo. Ukaja mwingine, kiwanda kipo, nami nikawa nakwenda na chupa yangu kimyakimya nikiomba asinikumbushe nilichoandika. Hakunikumbusha, ila kila tulipokutana alinitazama akatabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikiwaangalia wakubwa wengine wanavyokabidhi kazi, wa ofisini, wa misikitini, hata mimi nyumbani kwangu. Tunatoa funguo, halafu tunabaki tumesimama mlangoni.

Siku ya tatu ya matanga wale kumi na mmoja walileta dumu la mafuta ya kukaangia pilau la khitma. Moto tayari, vitunguu tayari, wageni tumejipanga mikekani. Mama wa Pundanhar akafungua dumu, akachovya kidole, akaramba, akalifunga.

"Haya yamezidi moto. Yarudi."

Mtoto mkubwa wa marehemu akamsihi: "Mama, hapa ni msibani. Nani atakayejua? Watu wana njaa."

"Msibani kwake ndiyo kabisa," akajibu. "Mafuta yetu haya, na hayaliwi."

Wenzake hawakubisha. Mmoja alilibeba dumu, na wote wakaondoka kwenda kupika mengine. Kigoda cha bibi, alichorudi nacho nyumbani, kilikuwa pale pale uani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kukitazama. Njaa iliniuma kwelikweli, na bado sikumbuki lini nimefurahi vile msibani.

Sasa najua alichokuwa akikifanya siku ile na kikombe chake cha chai. Ukitaka kumwachia mtu kazi yako, kubali aiharibu ukiwa umekaa hapo hapo, unajua dawa, na umenyamaza. Sijui kama mimi ningeweza. Yeye aliweza, nasi tulikula jioni sana, tukashiba.